Nilimsomea Hitima Wifi Yangu Akiwa Hai

Nina miaka hamsini na mmoja. Nasuka mikeka hapa Kibiti, naishi peke yangu katika vyumba viwili, na majirani wananiona mtu wa ibada. Laiti wangejua! Ndugu wasomaji, mimi niliwahi kumzika mtu kwa mdomo wangu... na mtu huyo alikuwa hai, anapumua, anamtafuta mwanawe.

Siandiki haya ili mnionee huruma. Mkinitukana mna haki, ingawa sidhani kama mtapata tusi ambalo mimi sijajitukana nalo.

Kwetu ni Mbuchi, kule delta. Niliolewa ujanani, nikakaa na mume miaka minane bila kushika mimba, akaniacha. Nikarudi nyumbani na sanduku langu na hasira zangu. Mdomo wangu ulikuwa mkali tangu zamani, ila baada ya talaka ile ukawa wembe. Mtu akinipita na mtoto mgongoni nilihisi ananisimanga, hata kama ananisalimia.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wangu Athumani. Alikuwa fundi cherehani. Alifuata kazi Msumbiji, akafungua kibanda cha kushonea katika mji mmoja wa pwani ya huko, akaoa mwanamke wa huko huko anayeitwa Mwanasha. Wakapata binti, wakamwita Salma.

Athumani hakuacha shamba la wazee. Kila mwaka mvua za kupandia zikikaribia alifunga cherehani, akavuka mto Ruvuma na mwanawe, akaja Mbuchi kulima mpunga. Mwanasha alibaki kwao kumuuguza mama yake aliyepooza. Mavuno yakiisha, Athumani na Salma walirudi. Hivyo mtoto yule alikua nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Kule alilala na mama yake, huku alilala na mimi.

Jamani, nilimpenda! Tangu alipokuja mara ya kwanza, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, nilimpenda mpaka nikaona aibu. Alichanganya maneno ya nchi mbili kama mtu anayechanganya maharage na kunde. Salma alimwita mama yake Mai, kama wanavyoita kwao. Mkate aliuita pau. Mpunga ukianza kuiva tulihamia shambani mimi na yeye, tukakaa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miti mirefu, tukiwinga ndege. Mimi nilivuta kamba ya makopo, yeye alipiga kelele kwa Kireno chake cha kuokoteza, "Vai! Vai!", yaani nendeni zenu. Nilimtania kuwa ndege wa Mbuchi hawajui Kireno. Alinijibu kwamba wale walikuwa wameruka nao kutoka kwao, anawajua hata majina.

Kila mavuno yalipoisha na boti ikaondoka naye, nililala na nguo yake chafu chini ya mto. Je, hilo lilikuwa kosa? Hapana. Kosa lilikuja baadaye.

Mwaka Salma alipotimiza mitano, walikuja kama kawaida. Hata mbegu hazijaota vizuri, Athumani akashikwa na homa. Siku ya nne tulimpandisha boti kumpeleka hospitali... hakufika! Alifia mikononi mwangu tukiwa bado majini. Tulimrudisha Mbuchi, tukamzika siku ile ile kabla ya alasiri.

Nilimpigia simu Mwanasha. Alilia mpaka simu ikakatika yenyewe. Kesho yake alinitumia ujumbe wa sauti, na maneno yake nayajua mpaka leo: "Wifi yangu, naingia eda, sina ruhusa ya kutoka. Miezi minne na siku kumi ikiisha nakuja kumtwaa mwanangu. Nakuomba kitu kimoja, msimnyoe. Nywele zile nimemsuka mimi, nitakuja nizifumue mimi."

Katika ukoo wetu mtoto aliyefiwa na mzazi hunyolewa siku ya kuondoa tanga. Nilimsihi baba mdogo, mkubwa wa ukoo, wakamwacha na nywele zake. Mnaona? Mwanzoni nilikuwa na utu.

Lakini miezi minne ni mingi. Tulilima pamoja, tukapalilia pamoja, tukalia pamoja. Alianza kuniita mimi usingizini. Tulipohamia kwenye dungu mpunga ulipoanza kuiva, nilianza kuhesabu siku za eda ya mwenzangu kama mfungwa anavyohesabu siku za kunyongwa. Eda ikiisha anakuja. Akija anamchukua. Na safari hii hakuna Athumani wa kumrudisha! Mimi nitabaki na nini?

Zikiwa zimebaki wiki tatu eda iishe, kimbunga kikapiga pwani ya kule. Redio ilisema nyumba zimelala chini na watu wamepotea. Nilipiga simu ya Mwanasha, haipatikani. Nikapiga tena na tena kwa siku kumi na nne. Wanawake wa Mbuchi walianza kunipa pole kwa sauti ya chini, Salma asisikie. Wallahi, siku zile nilimwombea salama kwa moyo wangu wote. Au karibu wote... Kona moja ya moyo ilikuwa imekaa kimya, inasubiri.

Siku ya kumi na tano, asubuhi, niko juu ya dungu, mahali pekee pale shambani palipokuwa na mtandao, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wifi! Ni mie Mwanasha! Ni hai, wifi! Paa limekwenda na simu imekwenda, lakini tu wazima. Mwanangu hajambo?"

Salma alikuwa chini ya dungu, hatua kumi hivi kutoka kwangu, anafunga kopo lililofunguka kwenye kamba. Nilikiona kichogo chake na mistari ya nywele aliyosuka mama yake, imefumuka nusu, maana hakutaka mtu aiguse.

Nilisema, "Umekosea namba, mama."

"Wifi, sauti yako naijua!"

Nikakata simu. Nikaizima, nikatoa laini, nikaivunja kwa meno, nikaitupa kwenye maji ya mpunga. Salma akainua uso akaniuliza nani amepiga. Nikamwambia, "Mtu amekosea namba." Akaendelea kufunga kopo lake.

Mpaka leo sielewi. Hivi ni shetani gani alinipanda? Lakini nikisema shetani najipa nafuu bure. Nilikuwa na akili zangu timamu.

Uongo ule mmoja haukutosha. Jioni nilishuka kijijini nikaenda kwa baba mdogo, nikamwambia nimepigiwa simu na watu wa kule, Mwanasha ameangukiwa na nyumba, wameshamzika. Baba mdogo aliketi chini. Akamwita ustadhi wa msikitini. Ustadhi alikuwa mtu mwangalifu, aliniuliza mara mbili, "Una hakika, binti yangu? Mtu aliyepotea hasomewi hitima ovyo." Nikamjibu, "Nina hakika, ustadhi. Aliyenipigia amemwosha kwa mikono yake."

Yaani nilimtengenezea hata mwosha maiti!

Wakasoma hitima. Tulipika wali wa mpunga mpya na kamba wa nazi, watu wakaja hata kutoka visiwa vya jirani, kwa sababu mtoto aliyepoteza wazazi wawili ndani ya msimu mmoja alimgusa kila mtu. Safari hii sikumzuia mtu kumnyoa Salma. Nilimnyoa mwenyewe. Alipoona nywele zinaanguka alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote. "Mai kanisuka hizi! Mai kanisuka hizi!" Akaziokota chini moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Halafu wakati wa kula akachukua sahani, akapakua wali, akaifunika. Bibi mmoja alimuuliza ya nani. Akasema ya Mai, akija.

Watu walilia. Na mimi nililia. Lakini ninyi niambieni, machozi yale yalikuwa ya nini?

Baada ya mavuno nilihama. Nilisema Mbuchi inanikumbusha msiba, nikaja kupanga hapa Kibiti, nikaanza biashara ya mikeka. Shuleni nilimwandikisha Salma kama mwanangu. Karatasi yake ya kuzaliwa yenye mhuri wa Msumbiji niliishonea ndani ya mkeka wa zamani. Watoto wenzake walipomcheka kwa kusema pau, nilimkataza kabisa kulitamka. Pole pole maneno ya kule yakamtoka. Akaanza kuniita Mama, na kila aliponiita nilifurahi... kisha nikajisikia kama mwizi aliyesifiwa kwa nguo aliyoiba.

Tangu tuhame Mbuchi hata miezi miwili haikutimia. Baba mdogo akanipigia kwenye laini mpya. "We mtoto! Umetufanya nini? Mwanasha yupo hapa, amekaa kwenye baraza yangu!"

Alikuwa ametoka eda, akakaa kumjengea mama yake kibanda, kisha akavuka mto peke yake akauliza njia hadi Mbuchi. Aliposhuka kwenye boti na kifurushi kichwani, watu waliokula wali wake wa hitima wakatimua mbio! Wengine walimsomea Ayatul Kursi kwa mbali. Yeye alisimama kwenye matope ya gatini hajui kakosa nini. Ni ustadhi aliyemsogelea, akamgusa mkono, akaona una joto.

Nilimwambia baba mdogo kuwa kesho namleta mtoto. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikamchukua Salma tukapanda basi hadi Mohoro kwa shoga yangu wa zamani. Nikamwambia Salma tunakwenda kutembea.

Mwanasha alipoona siku zinapita alikuja mwenyewe Kibiti. Aliketi mbele ya mlango wangu siku tisa. Jirani yangu, Mama Tabu, ndiye aliyempa chakula na mahali pa kulala. Aliogopa kwenda ofisi yoyote, maana hakuwa na karatasi ya mtoto na ya kwake ya kuvukia mpaka ilikuwa ya siku chache. Siku ya kumi zikaja habari kwamba mama yake amezidiwa. Akamwachia Mama Tabu kile kifurushi, akaondoka. Basi lililomrudisha kusini lilipita njia panda ya Mohoro, sisi tukiwa kule, Salma anacheza rede na watoto wa shoga yangu. Alimpita mwanawe karibu hivyo!

Niliporudi, Mama Tabu alinikabidhi kifurushi. Nilimwambia yule ni ndugu yetu mgonjwa wa akili. Ndani mlikuwa na gauni mbili, shanga, na kitana cha mti. Nilikificha juu ya dari. Baba mdogo alinipigia mara moja tu, akasema, "Usikanyage kwangu mpaka nife," akakata. Aibu ya kusoma hitima ya mtu aliye hai ilimfunga mdomo, na watu wa Mbuchi hawakuwa na sababu ya kuja kunitafuta. Nami nikaona nimeshinda.

Nimeshinda nini? Kila simu ikiita na namba ngeni niliizima. Kila mtu akibisha hodi, Salma alikimbilia mlango, mimi nilikimbilia chumba cha ndani. Na mtoto mwenyewe hakuwa wa huku wala wa kule. Aliniuliza kwa nini kwenye ndoto anaongea maneno asiyoyaelewa. Nilimwambia ni homa.

Miaka kumi ikapita. Baba mdogo akafa. Alisema mpaka nife, basi alikuwa amekufa, na msibani hafukuzwi mtu. Nilitaka kwenda peke yangu, Salma akakataa kubaki. Alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano, mrefu, na macho yale yale ya mama yake.

Kule Mbuchi wanawake walikuwa jikoni uani wanapika, na mnajua msiba wa mzee ulivyo, watani hawakosi, kicheko hakikosi. Mwanamke mmoja akamkazia macho Salma. "Ewe mwana, ndo wewe mtoto wa yule mzuka? Mie siku ile nilikimbia hata kiatu kimoja nikakiacha matopeni!"

Mwingine akadakia, "Na mie Ayatul Kursi niliisoma nusu, nusu ikanipotea!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kumbe ilikuwa hadithi yao ya miaka yote! Kila penye msiba waliisimulia wakapoza machungu.

Salma alicheka nao kidogo, kisha akauliza mzuka gani. Wakamjibu bila ubaya wowote, "Mama yako! Wali wa hitima yake tumeshaula, mara twamwona ashuka kwenye boti na kifurushi kichwani, auliza, mwanangu yu wapi?"

Mimi nilikuwa kando nachambua mchele. Nilisikia kila neno. Salma akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Shangazi," akasema, "Mai alikuja?"

Miaka kumi alikuwa akiniita Mama. Ungo ulinidondoka, mchele wa msiba ukamwagika mchangani.

Nilimwambia yote pale pale. Hakulia wala hakunitukana. Alisema kitu kimoja tu, "Nipeleke."

Tulirudi Kibiti nikakata ule mkeka, nikatoa karatasi. Nikashusha kifurushi. Zile gauni zilikuwa za mtoto wa miaka sita, alizipima kwenye mkono wake akazikunja tena. Tukasafiri hadi Mtwara, tukavuka mto, tukapanda lori. Njia nzima hakunisemesha, ila tukipewa chakula aliniwekea cha kwangu kwanza. Hilo ndilo lililoniua kabisa.

Mwanasha tulimkuta uani kwake anamenya mihogo. Hakuolewa tena, na miaka yote ile hakuwa na mtu wa kumwachia mama yake aliyepooza. Salma alisimama mbele yake, likamtoka neno moja katika yale niliyoyafuta. "Mai."

Mwanasha hakupiga kelele. Alinawa mikono. Akavuta mkeka, akamketisha Salma kati ya magoti yake, akaanza kufumua nywele zilizosukwa Kibiti, moja moja. Kisha Salma akampa kile kitana cha mti, akamsuka upya. Walitumia mchana mzima. Machozi yalimdondokea Salma utosini na hakuna aliyeyafuta. Mimi nilikaa ukingoni mwa ua kwenye mchanga. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza.

Alipomaliza mstari wa mwisho aliinua uso akaniangalia kwa mara ya kwanza. Nilipiga magoti nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia kwa mkono.

"Wifi, umemlea, hana kovu. Kwa hilo ahsante. La msamaha muombe Mungu, mie bado. Ila nikifa leo au kesho, msinisomee. Hitima yangu mmeshaila."

Nilirudi peke yangu.

Nilikwenda Mbuchi, nikamkuta ustadhi amezeeka, haoni vizuri. Nikamwambia kwamba aliponiuliza kama nina hakika, nilimdanganya. Akasema alikwisha jua tangu siku ile alipogusa mkono wenye joto, na tangu siku hiyo hajasoma hitima ya mtu bila kuogopa. Sikujua kwamba nilikuwa nimemvunja na yeye. Nikawasimulia na wanawake wa kijiji, uani pale pale. Safari hii hakuna aliyecheka, na nasikia hadithi ile hawaisimulii tena.

Salma yuko kwa mama yake, anajifunza upya lugha aliyozaliwa nayo. Wakati mwingine hunitumia ujumbe wa sauti. Ananiita Shangazi. Msimu uliopita aliniuliza kama mpunga umeiva na nani anawinga ndege. Msimu huo nilikuwa nimerudi Mbuchi kulima, nikausikiliza ujumbe ule juu ya dungu, nawinga peke yangu.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mnaolea watoto wa ndugu, watoto ambao mama zao wako mbali, nchi nyingine, ng'ambo ya mto, popote. Najua mapenzi mnayowapa ni ya kweli. Hata yangu yalikuwa ya kweli! Lakini mapenzi hayo yasiwape ruhusa niliyojipa mimi. Msimfiche mtoto kwao. Msimkataze lugha yake. Na siku simu ikiita, ukasikia sauti ya mama anayeuliza kama mwanawe hajambo, usiseme amekosea namba. Mwite mtoto, mpe simu, waache waongee.

Mimi nilikuwa naye hatua kumi tu. Sikumwita.